Waliponiita Mama Mabula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, lakini naomba msiniangalie sana usoni. Mnanijua, mimi ni mtu wa aibu. Hata shuleni jibu nilikuwa nalijua lakini mkono haunyanyuki. Ndiyo maana nimeandika haya kwenye karatasi na nitayasoma. Nikikwama, mniimbie pambio moja fupi, nipumue, halafu nitaendelea.

Nina miaka kumi na tisa. Kwetu ni Nansio. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kusubiri, na kabla sijajua nasubiri nini nikaolewa. Mume wangu ni Sospeter, yule pale nyuma mwenye koti la kijani. Ni mume mwema. Nasema hili mapema ili msije mkadhani nimesimama hapa kumsema. Anafanya kazi kwenye hivi viwanda vipya vya minofu ya samaki. Anapanda boti la barafu kwenda visiwani kukusanya sangara, anaondoka mwanzo wa wiki, anarudi wiki inakwisha.

Siku nilipopelekwa kwao, mama mkwe hakuniuliza jina langu. Yeye anakaa Buhongwa. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama tumboni, akasema, "Karibu, Mama Mabula." Watu wakapiga vigelegele. Ni desturi, wengi mnaijua. Bibi harusi anapewa jina la mtoto kabla mtoto hajawa hata wazo. Mabula lilikuwa jina la baba mkwe, aliyekufa ziwani zamani, Sospeter akiwa bado anatambaa. Mtoto wetu wa kwanza wa kiume angelirithi. Kwa hiyo mimi nilikuwa tayari mama yake, yeye tu ndiye alikuwa hajafika.

Ndugu zangu, nilifurahi! Sitawadanganya. Ni jina la heshima. Mwanamke mtu mzima akiitwa jina lake tupu, watu wanajua kuna kitu amekosa. Basi Sospeter akaniita Mama Mabula, mwenye duka akaniita Mama Mabula, na mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea kutoka Nansio naye akaniita hivyo hivyo, tena kwa maringo. Leokadia, jina nililobatizwa, likawa kama sare ya shule. Umelikunja, umeliweka chini ya sanduku, hulivai tena.

Tulipanga Igogo, juu kule kwenye mawe. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na ukisimama uani unaliona ziwa lote. Kila mwanamke wa mtaa ule anauza kitu. Si ndiyo soko huria! Huyu vitumbua, yule mitumba, mwingine barafu za mifuko. Mimi peke yangu sikuuza. Sospeter alisema, "Mke wangu hatakaa barabarani na jiko. Wewe tulia nyumbani, ulee." Nikamwuliza, nilee nini? Akacheka, akanigusa kidevu. "Utalea tu."

Nikatulia. Nafagia, nafua, naosha sufuria moja na sahani moja, na jua bado liko chini. Ukimaliza kazi za nyumba isiyo na mtoto, kazi zimeisha kweli. Hakuna wa kuzichafua tena. Wenye biashara wamekwenda sokoni, watoto wao wako shule. Inafika saa saba mchana, mawe yanawaka moto, mtaa mzima kimya. Kuna makorongo, wale ndege wanaofuata uchafu wa samaki, walikuwa wanasimama juu ya bati la jirani kama wazee kwenye baraza, shingo ndani ya mabega. Wamesimama tu, wananiangalia, na mimi nawaangalia.

Mama mkwe alikuwa hakosi kuja. Kila akija ana furushi la mitumba ya mtoto. Sweta, soksi, kofia za kufuma, nguo za watoto wa Ulaya huko ambao pengine sasa ni watu wazima. "Weka, Mama Mabula. Akija asikute yuko uchi." Naweka. Zikajaa sanduku. Zikianza kunuka vumbi nazitoa nazianika kwenye kamba. Jirani yangu mmoja, Mama Tausi, wa wale wafanyabiashara wa mjini, mcheshi, mdomo haufungiki, akiona ile kamba hana simile.

"Wewe Mama Mabula! Huyo Mabula wako anasoma bodingi?"

Nainama, nacheka kidogo.

"Maana nguo nazifahamu, mtoto simfahamu! Au ana aibu kama mama yake?"

Nilikuwa naingia ndani, naegemea mlango, na moyo unadunda. Si kwa hasira. Ni kwamba mtu alikuwa ameuliza habari zake.

Sasa hapa, ndugu zangu, mnivumilie.

Siku moja nilizianika zile nguo zikiwa kavu, kuondoa vumbi tu. Nilipozianua, sweta moja la bluu lilikuwa limelowa. Mikono yote miwili, kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini. Linachuruzika. Nikalinusa. Lilinuka shombo na majani ya ziwani, harufu ileile ya nguo za Sospeter akishuka kwenye boti. Mkisema ni umande, nawauliza, saa nane mchana umande unatoka wapi?

Nililianika tena. Kesho yake likalowa tena.

Halafu ikaja sauti. Saa saba ileile, mtaa umekufa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani nachambua mchele, nikasikia nyuma ya lile jiwe, "Hodi, Mama Mabula." Sauti ndogo, ya mtoto. Nikasema karibu. Nikazunguka jiwe. Hakuna mtu. Vumbi halina hata unyayo. Nilipogeuka nikaona makorongo wote kwenye bati wamegeuza shingo kutazama mlango wa nyumba yangu, kama wanavyofanya mtu akipita kuingia ndani.

Siku za kwanza niliogopa mpaka meno yakagongana. Nikawa nawasha redio kaseti ya Sospeter kwa sauti kubwa. Lakini betri zinakwisha, na upweke hauishi. Ikawa inakuja. "Hodi, Mama Mabula." Na mimi siku moja, kwa kuchoka kukaa kimya, nikajibu, "Karibu, baba. Umetoka wapi na jua hili?"

Ndugu zangu! Kuogopa kukaondoka siku ileile. Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipoingia, kwa sababu nilianza kumngoja! Nilianza kuamka na furaha. Napika uji kidogo pembeni, naupoza. Nafunga dirisha asipigwe na upepo. Majirani wakibisha nafungua kidogo tu, nasema kwa kunong'ona, maana amelala. Nilikonda mpaka kanga ikawa inanizunguka mara mbili, na nilijiona nimebarikiwa.

Sospeter alirudi mchana mmoja akanikuta nimeandaa mkeka na sahani tatu. Akaniuliza, "Leo tuna mgeni?"

"Ya Mabula hiyo," nikasema.

Akacheka. Alidhani nimeanza kuwa mcheshi kama Mama Tausi. Kisha akaona ninavyoupuliza ule uji, kijiko kwa kijiko, na ninavyokisogeza pale pasipo na mtu. Kicheko kikamkatika. "Mama Mabula," akaita polepole, "unafanya nini?"

Nikamwekea kidole mdomoni. "Taratibu. Utamshtua."

Mume wangu alikwenda Buhongwa jioni ileile kumwambia mama yake. Alidhani mama yake atalia. Mama mkwe hakulia. Akasema, "Basi yuko njiani. Mwacheni, msimzuie." Na safari iliyofuata alileta viatu.

Katika mtaa ule alikuwepo mwanamke mmoja anaitwa Perusi. Wengi hapa mnamjua, na leo amekaa mbele hapa, amejifunga kitambaa cheupe. Anakaanga mapanki kule chini karibu na maji, yale mabaki ya sangara, kichwa na mfupa, yanayotoka kiwandani minofu ikishasafirishwa. Hajazaa. Na kwa kuwa hajazaa, mtaa mzima, mpaka watoto, walimwita Perusi tu. Perusi, lete wa shilingi fulani. Perusi, mafuta yako yamechakaa leo! Mimi nilikuwa namkwepa. Nilikuwa namwonea huruma, na tena nilikuwa naogopa, maana nilijua Mabula asipokuja, mimi ndiye Perusi wa kesho.

Tulikutana bombani, maji yanatoka kidogo kidogo, foleni ndefu. Akanitazama.

"Wewe binti, unaitwa nani?"

"Mama Mabula."

"Hilo nalisikia kila siku. Nauliza siku ya ubatizo padri alisema nani."

Midomo ikawa mizito. Nilisema "Leokadia" kwa sauti ndogo sana, nikaona kama nimemtaja msichana niliyesoma naye zamani ambaye sijui alipotelea wapi.

"Leokadia," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Sawa. Kinga ndoo yako, Leokadia, maji yanamwagika."

Basi. Hatukuongea zaidi. Lakini Mungu, ndugu zangu, alikuwa anaweka akiba!

Mnakumbuka magugu maji yalipoanza kuja kwa wingi. Unalala ziwa lipo, unaamka ziwa halipo. Ni uwanja wa kijani mpaka mbali, na vile vimaua vya zambarau, mitumbwi imekwama katikati kama imelimwa pamoja na shamba. Na ukitazama vizuri, ule uwanja unapanda na kushuka taratibu. Unapumua. Sospeter alikuwa ameondoka, alikuwa amemwomba Mama Tausi awe ananichungulia. Mama Tausi alishaacha utani. Akiniona alikuwa anasoma aya zake kimoyomoyo na kunishika mkono kwa nguvu. Lakini mchana ule alikuwa sokoni.

Saa saba ilifika, hodi haikuja. Nilingoja. Uji ukaganda. Nikatoka uani, nikalitazama lile shamba la kijani, na kwa mbali kule wadudu wa ziwani walikuwa wamenyanyuka, nguzo ya moshi mweusi inatembea bila moto. Ndipo nikasikia. Ilitoka kule kwenye magugu. Na safari hii hakusema Mama Mabula. Alisema, "Mama."

Neno hilo tu! Sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Nilishuka kwenye mawe bila viatu. Nilipita pale Perusi alipo na karai lake la mafuta, hata salamu sikutoa. Nikaingia. Chini ya miguu magugu yanabonyea kama godoro, halafu yanaachia, maji yanakuja magotini, mapajani. Baridi ile sijaisahau. Na mbele yangu, ndugu zangu, yale majani yalikuwa yanatikisika mstari mmoja tu, kama pale mtoto anapopita kwenye mahindi.

Watu wa ufukweni wakaniona, wakaanza kupiga kelele. "Mama Mabula! Mama Mabula, rudi! Mama Mabula!" Wote kwa pamoja. Walikuwa wananiokoa, Mungu awabariki. Lakini kila walipotamka jina lile, yale majani mbele yangu yalijibu. Yalitikisika kwa furaha. Kila waliponiita nirudi, nilikwenda. Walikuwa hawaniiti mimi! Maji yalinifika kifuani.

Ndipo sauti moja, nzito, ya kukwaruza kwa moshi wa mafuta, ikapita juu ya zile nyingine.

"Leokadia!"

Nilisimama.

"Leokadia! We Leokadia wa Nansio! Nitazame mimi!"

Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa kama mtu amekushika bega ukiwa umelala. Nikageuka. Nikamwona Perusi ameingia majini na nguo zake zote, mkono mmoja ameunyoosha, mwingine bado una kijiko cha kukaangia. Na nilipotazama tena mbele yangu hapakuwa na mstari wowote. Majani tu, na maji meusi kati yake. Nikaona kina kilivyo. Nikapiga yowe.

Alinivuta kwa kanga. Tulipofika kwenye mchanga nilikuwa natetemeka kama kifaranga. Akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Huyo hakuwa wako, Leokadia. Hakuwa wako." Halafu akageuka akaona karai lake linatoa moshi. "Na mapanki yangu yameungua kwa ajili yako. Utayala hivyohivyo!" Nilicheka huku nalia. Nilikuwa sijacheka kwa sauti tangu niolewe.

Alinipeleka chumbani kwake, akawaita ninyi wa kikundi cha maombi. Mlikuja na matope miguuni, wengine mmetoka kazini. Hamkuniuliza maswali. Mlikaa kunizunguka, na mmoja mmoja mkasema, "Baba, huyu ni Leokadia. Yesu, mwangalie Leokadia." Kila jina langu lilipotamkwa, kitu kilikuwa kinaachia hapa kifuani, kidole kimoja kimoja, mpaka mkono wote ukatoka. Nililala pale kwenye mkeka wa Perusi nikaamka na njaa. Haleluya!

Lakini kulikuwa bado na mlima. Mama mkwe alikuja na furushi. "Hodi, Mama Mabula!" Sikuitikia, kwa sababu nilijua nikiitikia, nimefungua mlango tena. Mimi ambaye sijawahi kumjibu mtu mzima! Sospeter alikuwa amekaa ndani, akanitazama. Nikafungua mlango, nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Mabula."

"Mama, mimi naitwa Leokadia."

Akalikumbatia lile furushi. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Hakuna, mama. Ila mkiniita kwa jina lile, kuna anayeitika."

Nilidhani atanipiga na lile furushi. Aliliweka chini polepole. Akakaa kizingitini. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, "Anaitikaje?"

"Kama mtoto, mama. Tena analowa."

Mama yule alilia, ndugu zangu. Alilia kilio cha miaka. Ndipo tukasikia, mimi na hata Sospeter kwa mara ya kwanza, jinsi baba yake Sospeter alivyozama akivuka kwa mtumbwi kwenda Kamanga, na kwamba mwili haukuonekana. "Wapo wanaozika hata mgomba mahali pa mtu," akasema. "Sisi hatukuzika kitu. Niliambiwa ningoje, nikangoja. Nikiwa mlangoni kwako nikaita Mabula, sikuwa nakuita wewe, mwanangu. Nilikuwa nasikiliza."

Tulikwenda Kamanga. Tulipanda kivuko, sisi watatu na Perusi na mchungaji. Tulipofika ng'ambo mama mkwe alivua viatu akasimama maji yanapomgusa vidole, mchungaji akaomba. Hakuomba maneno mengi. Kisha mama akaita mwenyewe, kwa nguvu, mpaka wachuuzi wa pale gatini wakanyamaza. "Mabula! Baba Sospeter! Nimechoka kukuita. Lala sasa. Bwana akupokee."

Tulisikiliza wote. Mimi nilimshika Sospeter mkono mpaka kucha zikamwingia. Mawimbi yalikuja, yakarudi. Hakuna aliyeitika. Ule ukimya niliokuwa nauogopa mchana kutwa, siku ile ulikuwa ni ukimya tu, wa ziwa na watu waliosimama.

Ndugu zangu, sikuja hapa kuwaambia nina mimba. Sina. Najua wengine mlikuwa mnangoja nifike hapo. Bado nakaa nyumbani, bado namaliza kazi mapema, na saa saba bado inafika, makorongo bado wako juu ya bati. Lakini saa ile Perusi anapanda na sahani ya mapanki tunakula, tunawasema watu kidogo, Mungu atusamehe. Siku akiwa na kazi nakaa peke yangu, na nikikaa peke yangu, niko peke yangu kweli. Jambo hilo tu nalishukuru kwa magoti! Zile nguo tumegawa. Sweta la bluu amepewa mtoto mdogo wa Mama Tausi. Kila nikiliona kwenye kamba yao naligusa mikono. Ni kavu. Mama Tausi ananiambia, "We Leokadia, jina lako refu kama treni ya Dar, lakini ndiyo hivyo, nitalizoea." Na mama mkwe ananiita mwanangu.

Kama kuna dada hapa, au kaka, anayeitwa kila siku kwa jina la mtu ambaye hajafika, na saa zingine anasikia wanamwita na moyo wake hauitiki, asiingie majini. Mtumaini Yesu. Yeye hangoji ukamilike ndipo akujue. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni na Perusi. Njoo. Sitakuuliza wewe ni mama nani. Ninong'onezee tu lile la ubatizo, hata kama midomo ni mizito, nitalisikia.

Karatasi yangu imefika mwisho. Naomba kitu kimoja kabla sijakaa. Sasa mnaweza kuniangalia usoni. Niiteni, kanisa zima, mara moja, kwa sauti.

Niko hapa. Nitaitika.